Kosa Nisilolikumbuka

Tulikuwa tumezungumza kwa simu karibu saa nzima, mimi na mwenzangu niliyesoma naye sekondari, na mazungumzo yalikuwa yamefika pale ambapo watu wawili huanza kuagana bila kuagana kweli. Nilimpongeza kwa kupandishwa cheo, nikamwambia kwamba sasa atalazimika kuhutubia mikutano kila wiki. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti isiyo na hasira hata chembe: "Ndugu yangu, unajua imenichukua miaka mingapi kuweza kusimama mbele ya watu? Tangu siku ile uliponiiga darasani."

Sikujua ni siku ipi.

Akanieleza. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, na kigugumizi kilikuwa kimemshika kwenye neno moja kwa muda mrefu. Mwalimu alipotoka, mimi nilisimama, nikakichukua kitabu, nikausoma ukurasa ule ule kwa kigugumizi chake, hadi darasa zima likaangua kicheko. Alikumbuka kwamba nje mvua ilikuwa ikinyesha. Alikumbuka kwamba nilikuwa nimekunja mkono mmoja tu wa shati. Alikumbuka hata neno lililomkwamisha, nalo lilikuwa "mbalimbali".

Nikamjibu: "Mimi sikumbuki."

Nilisema kweli. Ninamkumbuka yeye, ninalikumbuka darasa na mahali alipokuwa akiketi, lakini siku hiyo haimo kabisa katika kumbukumbu zangu. Hata hivyo, kilichonisumbua kwa majuma yaliyofuata hakikuwa kusahau kwenyewe. Kilichonisumbua ni namna nilivyolitamka neno lile, "sikumbuki", kama mtu anayetoa hati ya kujiondolea mashtaka. Yeye alisema hakuwa amepiga simu kwa ajili ya hayo, tukaagana vizuri, nami nikabaki nimekishika chombo mkononi, nikijiuliza ni nani hasa niliyekuwa nimemtetea.

## Neno la mahakamani

Utetezi huo una wakili mkubwa. Mwaka 1694, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliongeza sura nzima juu ya swali la nini kinachomfanya mtu kuwa yule yule leo na jana. Jibu lake halikuwa mwili, wala halikuwa roho. Alisema kwamba mtu hufika nyuma hadi pale fahamu yake inapoweza kufika: tendo ninaloweza kulirejea ndani yangu kama langu ni langu, na lile ambalo fahamu yangu haiwezi tena kulifikia si la mtu huyu aliye hapa. Aliongeza kwamba neno lenyewe, "mtu", kwa maana anayoizungumzia, ni neno la mahakamani, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha nani anastahili sifa na nani anastahili adhabu.

Locke aliliona tatizo lililo wazi, yaani mlevi anayetenda kosa na kuamka asubuhi bila kujua lolote. Mahakama humwadhibu, akasema, kwa sababu mahakimu wa duniani hawana njia ya kutofautisha aliyesahau kweli na anayejifanya kusahau. Lakini siku ile kuu, siri za mioyo yote zitakapowekwa wazi, ni haki kudhani kwamba hakuna atakayejibishwa kwa jambo asilolijua.

Nilizisoma kurasa hizo usiku, katika wiki ya pili, na ninakiri kwamba nilipumua. Kama ni hivyo, yule kijana aliyesimama na kitabu alikuwa mtu mwingine aliyevaa mwili niliokuja kuurithi, na rafiki yangu alikuwa ameipeleka barua yake kwenye anwani ya aliyehama.

Nafuu hiyo haikudumu.

Siku chache baadaye nilikumbuka jambo lililotokea miaka michache iliyopita. Mtu mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alinisimamisha njiani na kunishukuru kwa machozi. Alisema kwamba niliwahi kukesha naye usiku kucha nikimfundisha hesabu kabla ya usaili uliobadilisha maisha yake. Sikuwa na kumbukumbu hata kidogo ya usiku huo, na hadi leo sina. Je, nilimwambia kwamba shukrani zake zimfikie mtu mwingine? Hapana. Nilizipokea pale pale, nikamwambia asijali, nikatembea siku mbili nzima kifua kikiwa kimejaa.

Basi wema nisioukumbuka ni wangu, na ubaya nisioukumbuka si wangu.

Sijui kama yupo mwanafalsafa anayeweza kuitetea kanuni ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nimeishi nayo bila kuijua, na tangu nilipoiona sikuweza tena kumtumia Locke kama kinga. Kama fahamu ndiyo mpaka, basi mpaka huo ukate pande zote mbili, nami nirudishe zile shukrani.

## Jenerali na mtoto

Wapinzani wa Locke hawakukawia. Joseph Butler aliandika mwaka 1736 kwamba kumbukumbu haiwezi kuufanya umoja wa mtu kwa sababu inauhitaji kwanza: siwezi kukumbuka tendo kama langu isipokuwa tayari lilikuwa langu. Thomas Reid, mwaka 1785, alitoa mfano ambao haujaniacha. Mtoto alichapwa kwa kuiba matunda katika bustani. Alipokuwa ofisa kijana aliteka bendera ya adui, na wakati huo bado alikumbuka kuchapwa. Alipozeeka akawa jenerali, akikumbuka siku ya bendera lakini akiwa amesahau kabisa fimbo za utotoni. Kwa hesabu ya Locke, jenerali ni ofisa, na ofisa ni mtoto, ila jenerali si mtoto. Hesabu hiyo haiwezi kufungwa.

Wengi huusoma mfano huu kama fumbo la mantiki tu. Mimi nilivutwa na mahali ulipoanzia, kwamba mtoto yule alikuwa amekosa. Reid angeweza kuchagua kumbukumbu yoyote ya utotoni, naye akachagua ile ambayo mzee mwenye nishani angependa zaidi kuipoteza.

## Je, kama haikutokea?

Kabla ya kwenda mbali zaidi, nililazimika kukabiliana na shaka ambayo ingeweza kulimaliza jambo lote. Huenda rafiki yangu alikosea. Kumbukumbu si sanduku ambalo mtu hufungua na kukuta kitu kama alivyokiweka. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yaliyogongana, kisha wakawauliza kuhusu mwendo wa magari, wengine kwa neno la kawaida la kugongana na wengine kwa neno kali linalomaanisha kupondana. Baada ya wiki moja waliwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika waliosikia neno kali, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika waliosikia neno la kawaida, 7 kati ya 50. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Kama neno moja katika swali linaweza kuvunja kioo ambacho hakikuvunjika, je, miaka zaidi ya 20 ya uchungu haiwezi kumhamisha mkosaji kutoka kiti kimoja hadi kingine?

Nilimtafuta mwenzetu mwingine wa darasa lile. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, kwa sababu sikutaka kumpandikizia jibu, na hatimaye nikamuuliza waziwazi. Akafikiri. "Siku hiyo siikumbuki," akasema. "Lakini wewe ulikuwa ukimwiga kila mtu."

Nilikuwa nimekwenda kutafuta tukio, nikapewa tabia.

Jambo jingine lilitokea ambalo sikulitarajia. Kufikia wiki ya nne nilianza kuiona picha ya siku ile: mvua dirishani, kitabu, mkono mmoja wa shati uliokunjwa. Lakini katika picha hiyo nilikuwa nikijiona kwa mbele, nikiwa nimesimama, kama anavyonitazama mtu aliyeketi. Najua kwamba watu huweza kujiona kwa nje hata katika kumbukumbu za kweli, hasa za zamani, kwa hiyo hilo peke yake si ushahidi wa uongo. Ila macho yale niliyatambua. Yalikuwa ya rafiki yangu. Nilikuwa nimeanza kuikumbuka siku ile kutoka kwenye kiti chake.

## Faraja ya Parfit

Mwanafalsafa Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, ndiye aliyenipa faraja ya pili, nayo ilikuwa bora kuliko ya Locke kwa sababu ilikuwa ya kweli zaidi kwa maisha kama tunavyoyaishi. Parfit alishikilia kwamba swali la "ni yule yule au si yule yule" halina uzito tunaoupa. Kilicho na uzito ni miunganiko: kumbukumbu, nia, imani na tabia zinazopita kutoka siku moja hadi nyingine. Miunganiko hiyo huja kwa viwango, ikiwa mingi kati ya leo na jana, michache kati ya leo na ujana. Anamtaja mzee wa miaka 90, aliyestahili kweli Tuzo ya Amani ya Nobel, anayekiri kwamba alipokuwa na miaka 20 alimjeruhi polisi katika ugomvi wa kilevi. Parfit anasema huenda mzee huyo leo hastahili tena adhabu. Nyuzi zinazomuunganisha na kijana yule zimekuwa chache mno.

Parfit alieleza kwamba alipoyaamini haya alihisi ameachiliwa: maisha yake yalikuwa yamefanana na njia ya chini kwa chini yenye kuta za kioo, akipita humo haraka zaidi kila mwaka kuelekea kwenye giza la mwisho, na sasa kuta zimetoweka, naye yuko mahali pa wazi, karibu zaidi na watu wengine.

Ninauheshimu ukurasa huo. Nilitaka uwe wangu.

Nilianza basi kuhesabu nyuzi, kwa dhati kabisa. Mwili? Wapo wanaosema kwamba seli zote hubadilika kila baada ya miaka saba, lakini si kweli. Chembe nyekundu za damu huishi takribani siku 120, ilhali niuroni, yaani chembe za neva, nyingi za gamba la ubongo hukaa nasi tangu utotoni hadi kufa. Imani? Karibu zote zimebadilika. Marafiki? Wamebaki wawili au watatu. Nia za wakati ule? Sina hata moja ninayoifuata leo. Kumbukumbu ya tendo? Hakuna. Nilikuwa karibu kuandika jumla, na jumla ilikuwa ndogo.

Ndipo nilipokumbuka chakula cha jioni.

Ilikuwa wiki mbili tu baada ya ile simu. Tulikuwa watu sita mezani, na mmoja akamtaja mfanyakazi mwenzetu ambaye hakuwapo, mtu mwenye namna yake ya kurudia mwisho wa kila sentensi kabla ya kuanza nyingine. Bila kufikiri, nilizungumza kwa sauti yake. Nilimpata vizuri sana. Watu walicheka hadi mmoja akafuta machozi, nami nikaongeza sentensi ya pili, kwa kuwa kicheko kilinipendeza.

Hapo hesabu yangu yote ilipinduka. Nilikuwa nikimtafuta kijana yule nyuma kabisa, katika kumbukumbu, nikashangaa kutomkuta. Alikuwa ameketi mezani kwangu, akila.

## Tabia inayokaa

Kuna mtu ambaye kila anayeandika juu ya kumbukumbu humtaja, nami nilifika kwake nikiwa na swali tofauti. Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa, akiwa na umri wa miaka 27, na tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za maisha yake. Watafiti waliofanya kazi naye kwa miongo walilazimika kujitambulisha kwake upya kila mara. Wao hawakuwa na shida ya kumtambua. Walimjua kama mtu mpole, mvumilivu na mwenye kupenda kusaidia, na upole huo waliukuta kila walipofungua mlango. Kwa Locke, sijui ni watu wangapi waliopita katika chumba kile. Kwa waliomtunza alikuwa mmoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Nina Strohminger na Shaun Nichols uliwauliza watu wenye ndugu wanaougua magonjwa ya kuharibika kwa ubongo kama bado wanamwona mgonjwa wao kuwa ni yule yule. Kilichowafanya waseme kwamba amekuwa mtu mwingine hakikuwa hasa kupotea kwa kumbukumbu. Kilikuwa kubadilika kwa utu wake: kupungua kwa huruma, ukweli na uaminifu. Anayewapenda wagonjwa hao huweza kusamehe kusahauliwa jina. Kinachomvunja moyo ni kukuta mtu aliyekuwa na huruma amekuwa katili.

Tukiupindua ukweli huo upande wa pili, unanigusa mimi. Kama utu ndio uzi wenye nguvu kuliko nyingine zote, basi doa lililo katika utu hushona miaka pamoja kwa nguvu ile ile. Siku ya mvua nimeisahau. Kile kilichoifanya siku ya mvua hakijaenda popote.

## Sauti mlangoni

Mwanafalsafa David Hume aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipoingia ndani kabisa ya kile anachokiita nafsi yake, alijikwaa kwenye hisia fulani, ya joto au baridi, nuru au kivuli, upendo au chuki, na kamwe hakuikamata nafsi yenyewe ikiwa peke yake. Mwaka uliofuata, katika nyongeza ya kitabu hicho, alikiri kwamba maelezo yake hayamridhishi na kwamba hajui jinsi ya kuyarekebisha. Ninampenda zaidi kwa ukiri huo.

Anayefikiri kwa Kiswahili hashangazwi sana na alichokikosa Hume. Lugha yetu huiweka nafsi ya kwanza ndani ya kitenzi: ninaona, nilisema, nitarudi. Kile kiambishi "ni-" hakisimami peke yake; ukikitoa kwenye tendo hakibaki kitu cha kushikwa. Lipo neno "mimi", ni kweli, lakini tazama linavyofanya kazi. Mtu hubisha hodi usiku, aliye ndani huuliza "Nani?", naye hujibu "Mimi." Kila mtu duniani angeweza kutoa jibu hilo hilo, na hata hivyo mlango hufunguliwa, kwa sababu aliye ndani hakuitambua maana ya neno. Aliitambua sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia rafiki yangu, na ilinichukua muda mrefu kulikubali wazo hilo. Nilikuwa nimelihesabu kuwa ni utani mkali wa kitoto. Lakini sauti yake, pamoja na mahali inapokwama, ndiyo iliyokuwa "mimi" yake mlangoni. Niliichukua mbele ya watu 40, nikaivaa kwa dakika moja, na nilipomrudishia ilikuwa na kicheko ndani yake. Kila alipotaka kusema "mimi" mbele ya kundi la watu, alisikia yangu.

Mwanafalsafa Mkenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba mtu husema: nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Wenye lugha husema kwa ufupi zaidi: mtu ni watu. Sentensi hizi hunukuliwa mara nyingi kama faraja, kana kwamba wengine hutushikilia tu tusianguke. Kwangu zimekuwa na upande mzito pia. Sehemu ya maisha yangu ambayo mimi mwenyewe sina, yeye anayo. Ameibeba miaka yote hii, pamoja na mvua yake na mkono wake wa shati, na siku ile kwenye simu alikuwa akinionyesha kitu changu.

"Mimi mwenyewe," husema tunapotaka kusisitiza. Ndani ya neno hilo mna "mwenye", yaani mwenye mali. Locke naye, kumbe, aliliweka wazo hilo katika ile sura yake, kwamba mtu huyafanya matendo yaliyopita kuwa milki yake. Tofauti yangu naye ni ndogo lakini siwezi kuiacha: yeye alidhani kumbukumbu ndiyo hati pekee ya umiliki. Mimi ninaona kwamba mtu anaweza kulipokea la kwake kutoka mikononi mwa mwingine.

## Neno moja

Nilibaki na shaka moja, nayo sijaimaliza. Majuto hutaka kitu cha kushika: uso wa aliyeumizwa, sauti yako mwenyewe wakati ule. Mimi sina. Je, kuomba radhi bila kumbukumbu si kuigiza tu, tena mtu yule yule niliyemwigiza? Nilimwandikia barua mara tatu. Ya kwanza ilianza na "Kama kweli nilikuiga". Niliifuta, kwa kuwa "kama kweli" ilikuwa ile hati ya zamani imerudi kwa jina jingine. Ya pili ilisema "Ninasikitika kwamba uliigwa", na humo mlikuwa na aliyetendewa lakini hamkuwa na mtenda.

Ya tatu niliianza kwa neno moja: "Nilikuiga."

Nililitazama kwa muda mrefu. Mimi nimo, wewe umo, wakati uliopita umo kati yetu, na tendo limekuja mwisho. Hakuna nafasi ndani yake ya kuingiza "sikumbuki". Hilo niliandika chini zaidi, kama habari tu, pamoja na habari ya chakula cha jioni, kwa kuwa sikutaka aamini kwamba anaombwa radhi na mtu aliyekwisha kupona.

Alinipigia baada ya siku nne. Akaniuliza kama sasa nimeikumbuka siku ile, nikamjibu kwamba bado. Akasema, "Basi ngoja nikusimulie vizuri, ndugu yangu, tangu asubuhi yake." Akaanza. Kigugumizi kilimshika mara mbili, mara ya pili kwa muda mrefu kabisa, nami nilikuwa nalijua neno alilokuwa akilitafuta. Nikangoja alifikie mwenyewe.